Safari ya Kumtafutia Lalji Moto

Tangu nirudi Kipini sijanywa kahawa yangu ikiwa moto. Nikiinua kikombe tu, mtu huyo amekwisha kaa mbele yangu: "Athmani, hebu tueleze, ni kweli Mzungu na Banyani walikuwa wakizunguka kaburi kama watoto wanaocheza?" Mmoja kasikia Mzungu kasilimu. Mwingine kasikia Banyani kabatizwa. Na jirani yangu mmoja, ambaye hajawahi kuvuka hata mto, anaapa kwamba sote tumeingia katika mizimu ya Wapokomo. Mimi ni mtu wa maneno mengi, sikatai, lakini hata mdomo wangu huchoka. Basi nimeandika. Someni, na mwenye kubisha abishe akishamaliza.

Kipini hadi Kau

Tulikuwa wanne mtumbwini. Mimi mnanijua. Wa pili ni Buya, Mpokomo wa Ndera, mshika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, mtu mfupi mwenye kifua kama pipa, asiyeona haya kumwambia yeyote neno lolote. Wa tatu ni Bwana Konoli, Mzungu aliyetumwa na serikali kupima kina cha mto Tana, wajue kama merikebu ya moshi itaweza kupanda. Mimi niliajiriwa niwe msemaji wake na mwangalizi wa mizigo. Wa nne ni Kanji, Banyani muuza nguo wa Lamu, aliyeomba nafasi katika mtumbwi wetu kwa sababu ya msiba.

Mdogo wake Kanji, jina lake Lalji, alipanda mto kabla ya mvua kwenda kuuza kaniki na shanga. Homa ikamshika Ndera, akafia huko katika nyumba ya mwanamke mmoja mzee, na mwanamke yule akamzika. Habari zikashuka na wapiga makasia hadi Lamu. Sasa, kwa Mabanyani maiti hazikwi. Huchomwa moto, na majivu hupewa mto uyapeleke baharini. Asiyepata moto, wanasema, roho yake haipati njia. Hubaki pale ilipoachwa, haiendi mbele wala haizaliwi tena katika mwili mwingine.

Kanji alinieleza hayo tulipokuwa tumeegesha Kau, akitazama maji badala ya kunitazama mimi.

"Bwana Athmani, mama yetu yuko Kachi, kwetu Bara Hindi. Ataniuliza, Lalji umemweka wapi? Mimi nitajibu nini? Nimwambie nimemwacha njiani?"

Mizigo yake ilikuwa michache: sufuria yake, mchele na choroko, na kipande cha mti wa sandali alichokifunga ndani ya nguo safi kama mtu anavyofunga mtoto mchanga. Hicho cha sandali hakikushuka mapajani mwake safari nzima.

Bwana Konoli naye alikuwa mtu wa aina yake. Kiswahili alijifunza Unguja, akakijua vizuri ila anakitamka kama mtu anayehesabu mawe. Nilipomwambia Buya, "Msogeze Mwingereza mbele kidogo," aligeuka mwekundu.

"Tafadhali, Bwana Athmani. Mimi si Mwingereza. Mimi ni mtu wa Ayalandi. Mwingereza ni jirani aliyeingia nyumbani kwetu bila hodi."

"Jirani huyo hata sisi twamjua," nikamjibu. Akacheka mpaka mtumbwi ukayumba, na kuanzia hapo tukapatana.

Mfereji wa Belezoni

Belezoni tulikwama. Majani yalikuwa yameziba maji, na mbele ya majani alikuwa kiboko ambaye hakuwa na haraka ya kwenda popote. Buya alisema hatupiti mpaka mwenyewe apende. Tukapanda ukingoni tukapika.

Mimi nilikuwa na kambare mbichi, na Buya alikuwa na mahindi. Kanji alijitenga na sufuria yake, akachanganya mchele na choroko na samli kidogo, na harufu yake, jamani, iliniita kwa jina. Nikaenda kumsaidia. Niliona uji wa choroko unataka kumwagika, nikachukua upawa wangu, ule uliotoka kwenye mchuzi wa kambare, nikamkorogea mara moja tu.

Kanji alisimama. Hakunitukana wala hakupandisha sauti. Alibeba sufuria yake mpaka majini, akamwaga chakula chote, akaisugua kwa mchanga, akaisuuza, akaisugua tena. Siku ile hakula kitu. Buya alitazama chakula chema kinakwenda na maji, akatikisa kichwa.

"Huyu mtu ataweza kufa na njaa katikati ya karamu," akasema.

Mimi nilikasirika. Sisi pwani mtu akikataa chakula chako kwa sababu kimeguswa na mkono wako, amekutia tusi. Nikamlalamikia Bwana Konoli, nikidhani nitapata mwenzangu. Yeye akajibu kwamba huenda Kanji hakuwa na maana ya kunidharau, ila alikuwa akiutunza mwili wake kama mtu atunzavyo udhu. Neno hilo lilinituliza kidogo. Kidogo tu.

Kiboko alipoondoka tukaendelea, na Kanji, nadhani ili kunisahaulisha, akaanza kuzungumza habari za mito. Akasema kwao mto mkubwa Ganga ni mama, wala si kwa mfano, ni mama hasa, na mtu huingia majini kwa kumwomba ruhusa. Bwana Konoli akaacha kamba yake ya kupimia.

"Hata kwetu," akasema. "Zamani, kabla ya Ukristo, Wakelti, ndio wazee wetu, walisema mto ni mungu wa kike. Uko mto mmoja karibu na kwa bibi yangu, naye alikuwa mwanamke. Na jina lake maana yake ni ng'ombe mweupe."

"Ng'ombe?" akauliza Kanji.

"Ng'ombe mweupe."

Kanji akakaa vizuri. Akasema katika maneno matakatifu ya kale ya kwao yuko mama wa maji aitwaye Danu. Basi hapo Bwana Konoli alisimama wima mtumbwini, mikono juu, akipiga kelele kwamba miungu yote ya kale ya Ayalandi huitwa kabila la Danu, watoto wa Danu. Tukainama upande, maji yakaingia, mchele wangu ukalowa.

"Mwambie akae," Buya akaniambia. "Mamba hamjui Danu."

Akakaa, lakini tangu saa ile hawakunyamaza wale wawili. Mimi dini yangu ni moja na siibadilishi, mnajua, ila masikio hayana mlango.

Garsen, na mkasa wa ng'ombe mweupe

Garsen tulifika wakati Waorma wameshusha ng'ombe kunywa. Ng'ombe wengi mpaka ukingo hauonekani, vumbi juu, na wachungaji warefu wamesimama kwa mguu mmoja wakiegemea mikuki. Katikati yao alikuwepo jike mmoja mweupe pepe, pembe zake zimepinda vizuri, anakunywa taratibu kama bibi harusi.

Kanji aliviunganisha viganja vyake akainamisha kichwa. Bwana Konoli akavua kofia. Kisha wote wawili wakaanza kumsifu kwa sauti, huyu kwa jicho lake, huyu kwa kiwele chake, na kila mmoja anamwambia mwenzake mambo ya ng'ombe wa kwao: Kanji kwamba kwao ng'ombe hachinjwi na kila alicho nacho ni baraka, Konoli kwamba bibi yake alikuwa bado akipitisha ng'ombe katikati ya mioto miwili mwanzo wa kiangazi ili wasipatwe na maradhi, desturi iliyobaki tangu enzi za Wakelti.

Mwenye ng'ombe akaja na mkuki wake akatusimamia mbele. Mtu wa makamo, uso mkavu.

"Nyinyi nataka nini na ng'ombe yangu?"

Nikamwambia hawataki kitu, wanamsifu tu.

"Ndio hiyo mbaya. Sifu, sifu, sifu, Mungu hataja. Kesho ng'ombe iko anguka. Nani toa jicho yake?"

Nikaona kosa letu. Ng'ombe wa mtu hasifiwi ovyo. Hata mtoto wa mtu kwetu hasifiwi bila kusema mashaallah. Wale wawili walikuwa wamemtupia jicho ng'ombe wake mbele ya watu wote, tena kwa mapenzi. Akakataza mtumbwi usiondoke mpaka aone ng'ombe ataamkaje, na jamaa zake wakaketi juu ya kamba yetu ya mbele kabisa. Nani atabishana na mikuki?

Tukakaa. Bwana Konoli alikuwa na kazi ya serikali iliyomngoja, na Kanji alikuwa na ndugu aliyelala mahali pasipo pake, na kila saa ilimuuma. Hata hivyo hakunung'unika. Alikwenda akaketi mbele ya mwenye ng'ombe, akamwambia kupitia mimi, "Bwana Athmani, mwambie, kama ng'ombe huyu atapatwa na jambo, mimi nitakaa hapa nimchunge mpaka apone. Kwetu ng'ombe ni mama. Siwezi kumdhuru mama."

Mworma akashusha mkuki. Akawaagiza wote wawili wamtaje Mungu, kila mmoja kwa dini yake, kisha wateme mate kidogo viganjani wampake ng'ombe begani. Wakafanya. Asubuhi yake ng'ombe aliamka akala majani kama jana, na mwenyewe akaja anacheka, amebeba kibuyu cha samli ya ng'ombe yule yule.

"Peleka kwa maiti yako," akamwambia Kanji.

Sikumwambia mimi habari za maiti. Buya ndiye aliyemwambia. Safari hii nilimsamehe mdomo wake.

Kupita Minjila, kupanda Ndera

Baada ya Minjila mto unajipinda mpaka unadhani unarudi ulikotoka. Jua kali, upondo unazama katika tope, mashamba ya mahindi na ndizi ukingoni, na watoto wanatukimbilia wakiita. Bwana Konoli anapima kina, mimi nafukuza mbu, na mazungumzo yao yanaendelea.

Nilijifunza kwamba makuhani wa Wakelti waliitwa madruidi, na kwamba hawakuiandika dini yao. Mwanafunzi alikaa na mwalimu miaka na miaka akihifadhi mashairi moyoni. Kanji akasema Mabrahmani, makuhani wa kwao, nao ni hivyo hivyo, baba anampa mwana maneno kwa mdomo, herufi isipotee. Hapo na mimi nikaingia, nikawaambia kwamba kwetu hafidh anaibeba Kurani nzima kifuani, na kwamba si wao peke yao wenye vifua. Wakakubali.

Nilijifunza pia kwamba Wakelti walisema roho haifi, mtu akifa huingia katika mwili mwingine, na ndiyo maana hawakuogopa vita. Kanji aliposikia hayo alisogea mbele. Kisha akamuuliza Mzungu, kwa sauti ya mtu anayeomba, "Na wao waliwachoma wafu wao?"

"Zamani fulani, ndiyo. Si wote. Lakini walichoma."

Kanji akakipapasa kile kipande cha sandali. Nilimtazama nikaona kwamba hasira yangu ya Belezoni imekwisha, sijui ilishuka wapi. Nilimpenda mtu yule. Alikuwa mpole na mgumu kwa wakati mmoja, na watu wa namna hiyo hawaonekani kila siku.

Mlangoni kwa Mama Hadawa

Mwanamke aliyemzika Lalji, Mama Hadawa, tulimkuta anapalilia. Mwembamba, mrefu, kitambaa cheusi kichwani, macho makali. Watu wa kijiji chake walikuwa Waislamu, naye pia. Alitukaribisha, akatuuliza habari za mto, akapika. Kanji akashukuru, akaenda kando kuwasha moto wake.

Mama Hadawa akamtazama, akatabasamu.

"Kama nduguye kabisa. Na yule mwanzo alikataa chakula changu. Anapika mwenyewe na homa yake. Mwisho mkono umeshindwa kushika kijiko, akakula kwangu. Uji. Mimi namlisha, yeye analia, anakula."

Niliona uso wa Kanji. Alikuwa amejua mdogo wake alikufa, lakini hili hakulijua.

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, ukingoni, limezungushiwa miiba fisi wasifikie. Kanji alipoeleza alichokijia, kupitia mimi, nikichagua maneno laini kadiri nilivyoweza, yule mama alisimama katikati yetu na kaburi.

"Hapana."

Nikaeleza tena.

"Nimesikia, mwanangu. Nasema hapana. Huyu mtoto alikuwa anaungua. Mchana kutwa anaungua, mimi nachota maji, nampoza kichwa, nampoza miguu. Alikufa kwa moto wa homa. Nikamweka katika udongo baridi. Sanda yangu mwenyewe nilimpa, niliyoweka nizikiwe mimi. Leo mnataka kumtoa mumchome tena? Mama gani atakubali?"

Kwa kweli moyo wangu ulikuwa upande wake. Kwetu pia kufukua kaburi ni jambo zito, na sanda ya mzee mtu haitoi ila kwa anayempenda. Nilimwambia Kanji turudi, tukamwombee subira mama yake aliyeko Kachi. Hakukubali. Akaenda akaketi mbele ya mlango wa Mama Hadawa, miguu ameikunja, sandali mapajani. Sufuria yake aliiacha mtumbwini. Siku ile hakula, na ya pili hakula, akinywa maji tu.

"Anafanya nini?" nikamuuliza Bwana Konoli, nimekasirika upya. "Anamsusia chakula mwanamke mzee aliyemuuguzia ndugu?"

Bwana Konoli alikuwa amesahau kabisa vipimo vyake. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Bwana Athmani, hii ni sheria ya kwetu. Sheria ya kale kabisa. Mtu akidhulumiwa na aliye juu yake, hana jeshi, hana hakimu, huenda akaketi mlangoni mwa yule mkubwa na kufunga. Na mkubwa akila wakati mwenzake anafunga mlangoni, heshima yake imekwisha. Hakuna atakayemsikiliza tena."

Akaenda kumwambia Kanji. Kanji akainua kichwa, midomo imekauka.

"Hata kwetu. Twaita dharna."

"Lakini kwetu," akasema Bwana Konoli, naye alikuwa akimsema kama rafiki, "mnyonge ndiye humfungia mwenye nguvu. Wewe ni mfanyabiashara wa Lamu. Huyu ni mwanamke mzee na jembe lake. Hapa mwenye nguvu ni nani?"

"Mwenye kaburi," akajibu Kanji.

Nikaenda zangu mtumbwini.

Ikapita siku nyingine. Nikawa nakula ndizi zangu kwa kujificha nyuma ya mtumbwi, na hata tamu yake siioni. Kisha Buya akaja, amekunja uso, akazungumza mbele ya wote.

"Kwa Mama Hadawa hakuna moshi."

"Moshi gani?" nikauliza.

"Jiko. Tangu huyu amekaa mlangoni, mama hajawasha jiko. Nimemuuliza mpwa wake. Hajakula. Anakwenda shamba, anarudi, analala."

Nikaenda kwake mbio. Alikuwa ameketi ndani, mgongo ukutani, mikono imelegea. Nikamsihi ale.

"Nile vipi?" akaniambia. "Mtu ana njaa mlangoni pangu, nami nipitishe chakula kooni? Mgeni wangu?"

Nilipotoka nikawaeleza, Bwana Konoli alishika kichwa. Siku zote hizo walikuwa wakistaajabu kwamba nchi mbili zilizotengana kwa bahari zote zinashika jambo moja, na ndani ya nyumba hii ya makuti alikuwepo mama ambaye hajasikia Kelti wala dharna, amelishika jambo lile lile na hakumwambia mtu.

Kanji alisimama. Alilazimika kushika kizingiti ili asianguke. Machozi yalimtoka bila kujificha.

"Nimeshindwa," akasema. "Mwambie mama ale. Akifa yeye, mimi sina pa kwenda, si kwa moto wala kwa maji. Mwambie Lalji ni wake. Naomba nimuage tu, twende zetu."

Kuzunguka

Akaingia ndani ya ule ua wa miiba. Akaanza kulizunguka kaburi polepole, mkono wake wa kuume ukielekea kaburini, midomo ikinong'ona. Bwana Konoli akavua kofia akamfuata, naye mkono wa kuume umeelekea kaburini, bila kuulizana. Baadaye aliniambia kwamba bibi yake alizunguka kisima na makaburi namna hiyo hiyo, kwa kufuata jua, na ole wake mtoto aliyezunguka kinyume. Ndiyo habari mliyoisikia nyinyi, mkaifanya mchezo wa watoto. Mahujaji wetu huizunguka Kaaba ikiwa kushotoni mwao, kwa hiyo mimi sikuzunguka. Nilisimama kando nikasoma Fatiha moyoni kwa ajili ya huzuni ya wale waliokuwa hai.

Mama Hadawa alitoka, amejishika ukuta, akatazama. Nilidhani atawafukuza. Akarudi ndani, na punde moshi ukatoka kwenye makuti. Akaja na kibuyu cha uji wa mahindi. Alikuwa amekwisha sikia kisa cha sufuria ya Belezoni, maana Buya hakubakiza kitu. Akamwendea Kanji akamnyooshea, na nadhani hakutazamia apokee.

Kanji alikitazama kibuyu. Huyu ndiye aliyemwaga sufuria nzima kwa sababu ya upawa wangu. Akakaa chini, akafungua kinywa kama mgonjwa, na Mama Hadawa akamlisha kwa mkono wake. Akala akilia. Mama naye akanywa iliyobaki kwenye kibuyu kile kile.

Kisha akakiweka kibuyu chini.

"Baada ya moto," akauliza Mama Hadawa, "mnamfanyaje?"

"Maji, mama," akasema Kanji. "Majivu yote tunayapa maji."

"Maji haya? Ya mto huu wangu?"

"Haya haya. Moto ni wa muda mfupi. Maji ndiyo yanamchukua. Mto utampoza mpaka baharini."

Akafikiri. Akajifuta mikono.

"Wewe umekula mkononi kwangu. Umekuwa mwanangu kama yeye. Mwana akiniomba nduguye, nitamnyima? Lakini majivu nitamwaga mimi. Si wewe. Mimi ndiye nilikuwa nampoza."

Kwa Mabanyani wanawake hawasogei penye moto wa maiti, Kanji alikwisha nieleza. Akainama akamgusa yule mama miguu.

"Wewe, mama," akasema.

Kazi ya kuchimba waliifanya Kanji na Bwana Konoli, sitaieleza. Sanda haikuvuliwa. Mama Hadawa alisema ni ya Lalji, aende nayo. Kuni zilikuwa za mkwaju mkavu, sandali ikawekwa kifuani, na samli ya ng'ombe mweupe wa Garsen ikamiminwa yote. Moto uliwaka safi. Ulipopoa, yule mama alikusanya majivu katika ungo wake, akaingia mtoni mpaka magotini huku Buya amesimama na upondo kuangalia mamba, akayamwaga kidogo kidogo, kwa taratibu ile ya mtu anayeosha mtoto.

Kanji alimwambia kwamba safari ijayo atamletea sanda nyingine, nguo nyeupe kupita zote dukani.

"Lete," akasema Mama Hadawa. "Lakini usiharakishe."

Ndiyo mara ya kwanza kumsikia Kanji akicheka.

Kushuka

Kushuka ni rahisi, mto wenyewe unabeba. Garsen yule Mworma alitupungia kutoka mbali, na ng'ombe wake alikuwa mzima. Wale wawili hawakuzungumza sana sasa. Walikaa bega kwa bega, na Belezoni Kanji alipika choroko yake, akanisukumia sufuria.

"Koroga, Bwana Athmani," akaniambia.

Nikakoroga. Kwa kijiko safi, lakini. Nami nina adabu zangu.

Liko jambo moja sikuwaambia wao, nawaambia nyinyi. Tulipokuwa tukisukuma mtumbwi kuondoka Ndera, Mama Hadawa alinishika mkono.

"Maji haya yanafika kwenu?"

"Yanafika, mama. Kwetu ndiko yanakoingia baharini."

"Basi ukifika kwenu nenda ukampokee. Mgeni asifike mahali hakuna mtu wa kumkaribisha."

Nilidhani nitasahau. Lakini asubuhi baada ya kufika, kabla hata ya kwenda kusalimia watu, nilijikuta nimeshuka mlangoni pa mto, pale maji mekundu ya Tana yanapokutana na ya chumvi. Sijui kama alinitangulia au alikuwa bado nyuma anapita Kau. Nilitazama nyuma nisije nikaonekana nikisema peke yangu.

"Karibu, Lalji," nikasema. "Mama Hadawa akusalimu. Hapa ni Kipini."

Nikainama nikayachota maji kwa mikono miwili. Yalikuwa ya baridi.